Sura ya Sita: Nani Alikuwepo?

Mito inayoitwa Songwe ni miwili. Mmoja unaelekea Ziwa Nyasa na ndio mpaka wetu Watanzania na Malawi. Mwingine unashuka bonde la Rukwa, unapita Galula, kisha unaishia katika Ziwa Rukwa, ziwa la maji ya magadi, lenye mamba na viboko. Huu wa pili ndio wa sura hii. Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa wa jina hilohilo uliozaliwa mwaka 2016 baada ya Mbeya kugawanywa, na barabara ya kutoka Mbalizi kwenda Mkwajuni hupita hapo ikiwa imekwisha kuiacha baridi ya milimani. Wachimbuaji wa mifupa ya kale wanaijua Galula kwa miamba yake myekundu. Humo yamepatikana mabaki ya mijusi wakubwa ajabu wa zamani, akiwamo yule aliyepewa jina la Rukwatitan mwaka 2014. Sisi wengine tunaijua kwa ng'ombe, ufuta na joto.

Bonde hili tangu zamani ni la Wabungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wasukuma walianza kuhamia huku na makundi ya mifugo wakifuata malisho, na leo ukifika mnadani asubuhi utasikia "mwangaluka" kila upande. Utaona pia mapambo: bangili za shaba na za bati jeupe, shanga za rangi shingoni mwa vijana wachungaji, mikufu ya kununua na pete za kununua. Hayo hayamshughulishi mtu. Mwenye hela anavaa.

Yapo mapambo ya namna nyingine, ambayo mtu akiyavaa wazee watamtazama na kumuuliza maswali mawili. Umelipata wapi? Na nani alikuwepo? Ni mapambo ya watu waliofanya jambo la hatari kwa hiari yao: aliyemfuata tembo kwa mkuki, aliyeingia shimo la nungunungu kwa tumbo, aliyemkamata swila kwa mkono mtupu, aliyesimama mbele ya simba. Zamani hayo yalikuwa riziki, ulinzi na mchezo kwa pamoja, na aliyeyaweza alivaa alama ya kuwa mmoja wa watu fulani. Nimeyafuatilia mapambo haya kwa muda mrefu, na kila nilikopita nimekuta kuwa uzito wake hautoki kwenye dhahabu wala kwenye dawa iliyofungwa ndani yake. Unatoka kwenye lile swali la pili.

Tuanze na tembo, kwa kuwa bonde hili lilikuwa lao kabla ya kuwa la ng'ombe. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na chama cha wawinda tembo, na wanachama wake waliitwa Bayege. Mtu hakujitangaza mwenyewe kuwa mwindaji. Alijifunza chini ya fundi: kusoma nyayo, kunusa upepo, kujua kinyesi kimelala muda gani. Alichanjwa dawa mwilini, akafungwa hirizi, akafundishwa nyimbo za chama ambazo asiye mwenzao hakuzijua. Hirizi ilikuwa kinga, na palepale ilikuwa kitambulisho. Mwindaji aliyesafiri mbali na kwao, mwezi na zaidi, aliweza kufika kijiji asichokijua, akatambuliwa na mwenzake wa chama, akapata chakula, kulala na kuzikwa iwapo ajali ingempata huko. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililowafanya vijana wengi kujiunga.

Tembo alipoanguka, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa mkia. Desturi hiyo ilienea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kati. Nyama ingegombaniwa na kijiji kizima, pembe zingekuwa na hesabu zake, ila mkia ulisema ni nani aliyemwangusha. Pembe iliyolalia ardhi ilikuwa ya mtemi, na ya juu ikabaki kwa mwindaji. Kwa hiyo mauaji ya tembo hayakuwahi kuwa siri ya mtu mmoja: mtemi alikuwa na fungu lake, fundi alikuwa na lake, wenzake wa chama walikuwepo, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kukumbuka vizuri nani alifanya nini. Nywele za mkia ule ndizo zilizosokotwa kuwa bangili.

Namna yenyewe ya kuitengeneza inafaa kutazamwa kwa karibu. Unywele wa mkia wa tembo ni mnene, mweusi, mgumu kama waya, na ukiukunja mkavu unaweza kupasuka. Hulowekwa majini mpaka ulegee. Nywele mbili, tatu au zaidi hupangwa sambamba na kuzungushwa, kisha ncha ya kila upande huviringishwa juu ya upande wa pili na kukazwa, mpaka yanakuwa mafundo mawili yanayoteleza. Ukiyavuta yaachane, bangili inapungua. Ukiyasogeza yakutane, inapanuka na mkono unapita. Ikishakauka haifumuki. Hakuna gundi, hakuna kiungo cha chuma, na mtu anaweza kuivaa mpaka uzeeni bila kuivua.

Chama cha Bayege kilikwenda mbali kuliko wengi wanavyofikiri. Katikati ya karne ya 19 mfanyabiashara kutoka Unyamwezi aitwaye Msiri alijenga ufalme wake Bunkeya, huko Katanga, na watu wake wakajulikana kwa jina la Wayeke, lililotokana na chama hichohicho cha wawinda tembo. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Wabelgiji. Huko, kama Unyamwezi, alama ya heshima kubwa ilikuwa kisahani cheupe kilichochongwa kutoka kitako cha kombe la bahari ya Hindi. Mmisionari Livingstone aliyepita nchi za Walunda mwaka 1854 aliandika kuwa makombe mawili ya aina hiyo yaliweza kununua mtumwa, na matano yakanunua pembe ya tembo. Ukiyasoma hayo unaelewa kuwa mapambo haya yamebeba pia madhambi ya zama zake, na mwandishi anayeyasifu bila kulisema hilo anamdanganya msomaji.

Njia za biashara hiyo ya pembe zilipitiwa na wapagazi. Mpelelezi Mwingereza Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1857 na 1858, alieleza kuwa kwa Wanyamwezi kubeba mzigo mpaka pwani kulikuwa kipimo cha uanaume. Alimweleza pia kirongozi, yule aliyetangulia msafara: kitambaa chekundu chenye tundu la kupitisha kichwa, ngozi ya mbega mweusi na mweupe, kishungi cha manyoya ya bundi au ya korongo mwenye taji, mkia wa mnyama uliofungwa kiunoni, na vibuyu vidogo vya dawa ya safari. Baadhi ya wapagazi walivaa njuga miguuni, na msafara ulisikika kabla haujaonekana. Kijana aliyerudi kutoka Bagamoyo na njuga zake hakuhitaji kusimulia sana, maana waliokuwa naye njiani walirudi pamoja naye, na kama alitoroka katikati ya pori na kuutupa mzigo, kijiji kingejua jioni ileile.

Vyama vingine vya hatari vilikuwa na kazi ya karibu na nyumbani. Wanunguli walikuwa wawinda nungunungu, wanyama wanaoweza kumaliza shamba la muhogo au karanga kwa siku chache. Mwindaji aliingia kwenye shimo akitambaa, gizani, akiwa na silaha fupi, mbele yake mnyama mwenye miiba na pengine nyoka au fisi aliyejikaribisha humo. Sijui mchezo wowote wa kisasa wa kuingia mapangoni unaozidi ule kwa uthubutu, na ulifanywa ili watu wapate kula.

Chama cha nyoka, Buyeye, kiliandikwa na Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyefanya kazi na serikali ya Tanganyika, katika makala yake ya mwaka 1946. Kabla yake Mmarekani F. G. Carnochan alikuwa amekwenda Unyamwezi kuwatafuta watu wa nyoka, na mwaka 1935 kitabu chake kuhusu chama hicho kikachapishwa. Mwanachama alichanjwa dawa iitwayo lukago, iliyoaminiwa kumkinga na sumu. Chale zile zilikuwa pambo lisilovulika. Huwezi kuliazima, huwezi kuliiba, na ukidai kuwa wewe ni wa nyoka huku huna chale mahali panapotakiwa, mazungumzo yameishia hapo. Watu wa chama hiki ndio pia walioitwa mtu alipoumwa na nyoka, kwa hiyo ngoma zao hazikuwa maonyesho matupu: kila aliyeona swila akishikwa hadharani alijua nyumba ya kukimbilia mwanawe akiumwa.

Sasa nafika kwenye simba, na hapa nitakaa.

Kusini magharibi mwa Tanzania simba hajawahi kuwa hadithi ya kutishia watoto tu. Katika miaka ya 1930 na 1940 eneo la Njombe lilisumbuliwa na simba wala watu wanaosemekana kuua watu kwa mamia. Aliyewamaliza, akiwa afisa wa wanyamapori, alikuwa George Rushby, Mwingereza aliyepata kuwinda tembo kwa ajili ya pembe zao na kuchimba dhahabu huko Lupa, jirani kabisa na bonde letu. Mtu aliyeishi nyakati kama hizo hakuhitaji kuelezwa kwa nini anayemuua simba anastahili kushangiliwa.

Wasukuma walikuwa na utaratibu wao. Aliyemuua simba aliyevamia zizi au kumshambulia mtu alipitishwa kwanza kwa mganga, kwa sababu iliaminiwa kuwa kumuua simba kunaweza kumtia mtu wazimu. Baada ya kutakaswa alivalishwa, akatoka na wenzake, akaenda mji kwa mji akicheza. Ndugu na majirani walimtunza, kila mtu kwa uwezo wake: fedha, mbuzi, hata ng'ombe. Kucheza simba, kama watu wasemavyo, kulikuwa shukrani ya jamii kwa mtu aliyeweka shingo yake kwa ajili ya ng'ombe wa wote. Mavazi na shanga za mchezaji ziliwatangazia watu wa mbali kuwa huyu amelipa deni ambalo wao hawakulilipa, na kwa hiyo wanadaiwa.

Utaratibu ule ulisimama juu ya ukaribu. Usukumani simba alipoingia zizini kila mtu alisikia. Majirani waliamka na mikuki, mzoga ulionekana asubuhi, ng'ombe aliyeliwa alionekana pia, na ngozi ya simba ilikuwa mali ya mtemi. Yaani swali la nani alikuwepo lilikuwa na majibu mengi kabla mchezaji hajatoka nyumbani.

Kisha watu wakahama. Familia zikasambaa hadi Katavi, Rukwa, Chunya na Songwe, na udugu ukanyooka kwa mamia ya kilomita. Mchezaji aliweza kucheza kwa ndugu wa mbali ambao hawakumjua simba wala zizi. Waliona shanga, waliona vazi, waliona kipande cha mnyama, wakatoa. Huko Mpimbwe, mkoani Katavi, upande wa pili wa Ziwa Rukwa ukitazama kutoka Galula, watafiti walifuatilia jambo hili na mwaka 2014 wakaeleza mageuzi waliyoyaona: baadhi ya vijana waliacha kumngoja simba aje zizini, wakaanza kumfuata mbugani. Simba ambaye hakuwa amemla ng'ombe wa mtu aliuawa kwa sababu kifo chake kilikuwa na malipo. Pambo lililokuwa likifuata tendo likawa ndilo linaloanzisha tendo.

Sipendi kuwalaumu vijana hao kwa urahisi. Kijana asiye na ng'ombe hana mahari, na asiye na mahari hana mke, na hapa palikuwa na njia ya kupata ng'ombe na jina kwa msimu mmoja. Ninachokiona ni kwamba mashahidi walikuwa wameondoka, na alama ikabaki peke yake ikiendelea kuheshimiwa kwa mazoea. Alama ya namna hiyo ni hatari hata kwa anayeivaa. Mkuki haumkingi mtu kwa sababu eti nia yake ni nzuri au mbaya. Simba anayefuatwa porini, mwenye watoto au mwenye jeraha, anaua.

Huko Mpimbwe ulianzishwa mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira. Jambo lililonivutia kwao ni kwamba hawakuanza kwa kumtangazia Msukuma kuwa mila yake ni ya kishenzi. Walikaa na wazee wa Kisukuma wenyewe, na sungusungu wanaolinda vijiji, wakauliza: je, hiki kinachochezwa sasa ndicho mlichorithi? Wazee wengi waliona kuwa sicho. Sheria ndogo za vijiji zikamlenga mchezaji, zikamlenga pia anayemtunza. Hilo la pili ndilo lenye akili. Kumzuia kijana mmoja porini ni kazi ngumu. Kumfanya mjomba wake asite kufungua zizi na kumtoa ndama ni kazi ya mkutano wa kijiji.

Sheria ya nchi nayo ipo. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ukucha wa simba, jino lake, ngozi yake, pembe na nywele za tembo ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi. Nani asiyejua sababu? Idadi ya tembo wa Tanzania ilikadiriwa kuwa karibu 109,000 mwaka 2009, na sensa ya mwaka 2014 ikakuta karibu 43,000. Bangili nyeusi zinazouzwa leo kwa watalii Arusha na Zanzibar nyingi zimesokotwa kwa plastiki, kwa mafundo yaleyale mawili yanayoteleza. Heri iwe hivyo. Mtalii anarudi kwao na kumbukumbu ya safari, tembo anabaki na mkia wake. Ila tusiichanganye bangili hiyo na ile ya Bayege, maana kwa hii hakuna aliyekuwepo isipokuwa muuzaji.

Ulimwengu mwingine nao una habari za namna hii, na mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa kiwavi wa dhahabu. Tarehe 20 Oktoba 1922, huko Dayton, Ohio, rubani wa jeshi la Marekani Harold Harris alijirusha kutoka ndege iliyokuwa ikivunjika angani, akaokolewa na parachuti. Kutokana na matukio kama hilo kikaundwa chama cha watu waliookolewa na parachuti, na Leslie Irvin, mtengenezaji wa parachuti, akawa anawapa pini ndogo yenye umbo la kiwavi wa hariri, kwa kuwa parachuti za wakati huo zilishonwa kwa hariri. Hadi Vita Kuu ya Pili inakwisha zilikuwa zimetolewa zaidi ya 30,000. Sharti lilikuwa moja na halikulegezwa: uwe umeruka kwa dharura, na uwe na uthibitisho. Anayeruka kwa kujifurahisha, hata awe ameruka mara elfu, hapewi. Pini ile haikununulika dukani, na aliyekuwa nayo kifuani aliweza kukutana na mgeni mwenye pini kama yake katika nchi yoyote, wakaelewana bila maneno mengi. Mwindaji wa Unyamwezi angeutambua udugu huo mara moja.

Wanaoruka kwa mchezo, wakiwamo wanaokuja Diani, Kenya, kurukia ufukweni, wana alama zao wenyewe. Baadhi yao huvaa mkufuni kile kipini cha chuma kilichopinda kinachofunga mfuko wa parachuti, kile kinachong'olewa ili parachuti ifunguke. Wapanda miamba huvaa kikulabu kidogo cha kamba. Vitu hivi siku hizi vinatengenezwa kwa fedha na dhahabu na yeyote anaweza kuagiza. Lakini kile kipini cha kweli, kilichokwaruzika, kilichowahi kufanya kazi juu ya mgongo wa mtu, wenyewe wanakijua kwa kukitazama tu.

Na kuna skafu ya Tenzing Norgay. Mwaka 1952 Tenzing na Mswisi Raymond Lambert walipanda Everest hadi karibu mita 8,600 wakashindwa kuendelea, wakarudi pamoja. Lambert akampa skafu yake nyekundu. Tarehe 29 Mei 1953, Tenzing aliposimama kileleni na Edmund Hillary, skafu hiyo ilikuwa shingoni mwake. Lambert hakuwepo siku ile, ila alikuwepo siku iliyoifanya hiyo iwezekane, na Tenzing alihakikisha kuwa jambo hilo linafika juu.

Kwetu, Mlima Kilimanjaro una cheti. Anayefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, hupata cheti cha rangi ya dhahabu. Anayeishia vituo vya chini yake, Stella au Gilman's, hupata cha kijani. Anayethibitisha ni kiongozi aliyepanda naye. Mgeni anaweza kuwa tajiri wa namna gani, bila neno la kiongozi karatasi haipo. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia: mtu wa Marangu au Machame anakaa mahali pa fundi wa Bayege, anasema huyu nilimwona. Kinachonikera ni kwamba hati inakwenda ughaibuni kutundikwa ukutani, na mpagazi aliyebeba hema na maji hana hata kitufe cha kubandika kwenye kofia yake. Bodi za utalii zinazopenda kutengeneza beji za kila namna zingeweza kuanzia hapo.

Nimeacha Wamasai mwishoni kwa makusudi, kwa sababu wao wamejaribu kitu ambacho bonde la Rukwa linaweza kukitumia. Kwa Wamasai, morani wa kwanza kumchoma simba mkuki alivaa kofia ya manyoya ya shingo ya simba huyo, na ambaye hakuwahi kuua simba alivaa ya manyoya ya mbuni. Rika zima lilijua nani ni nani, kwa kuwa walikwenda pamoja. Simba walipopungua chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, waliotaka mabadiliko ni wazee walezi wa morani wenyewe. Kazi yao pamoja na shirika la Big Life ikazaa mashindano ya mwaka 2012 huko Kimana, yaitwayo Olimpiki za Wamasai, yakawa yanafanyika kila baada ya miaka miwili: mbio za mita 200, 800 na 5,000, kurusha mkuki, kurusha rungu, na kuruka juu kwa mtindo wa morani mpaka kichwa kiguse kamba. David Rudisha, Mmasai aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka huohuo, akawa mlezi wao. Mshindi huvalishwa medali mbele ya manyatta zote, yaani kambi za morani zinazoshindana, na manyatta inayoshinda hupewa fahali wa mbegu.

Medali ni kipande cha chuma, na najua wapo wanaosema haiwezi kulingana na manyoya ya simba. Mimi naona walichokifanya wazee wale ni kukirudisha kile kilichokuwa kinapotea. Uwanjani Kimana hakuna anayeweza kudai rungu lake lilifika mahali ambapo halikufika. Manyatta pinzani iko palepale, imekodoa macho.

Wasukuma wa Galula na Mkwajuni hawahitaji kuiga. Wana ngoma zao za mashindano, Bagika na Bagalu, pande mbili zilizotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambazo baada ya mavuno hukutana kupimana ni upi utavuta watu wengi zaidi. Fisi na nyoka wameletwa uwanjani humo, dawa za mvuto zimefungwa mikononi, na kila ushindi una mashahidi kwa mamia. Mila ya kumtunza mtu kwa ng'ombe ipo. Mafundi wa shanga na bangili wapo, wanauza mnadani kila wiki. Swali la kupelekwa kwa watemi, sungusungu na halmashauri za Songwe na Mpimbwe ni kama mjomba anayefungua zizi kumpa ndama kijana aliyevaa kucha za simba asiyemjua anaweza kumpa ndama yuleyule kijana aliyemwona kwa macho yake akikimbia, akirusha, akicheza hadi jua likazama, au akilinda zizi la miiba usiku kucha bila ng'ombe hata mmoja kuliwa na bila simba kuuawa. Alama ya huyo wa mwisho bado haijatengenezwa. Ningependa iwe ya shaba, isokotwe kwa mafundo yale mawili yanayoteleza, na ivalishwe na majirani wa zizi lililolindwa.